Uso wa Mama Mkunga Kwenye Kadi za Msiba

Mama Mkunga hakuwa mtu wa makuu. Hakuomba nyumba, hakuomba gari, na nguo mpya ukimpa aliikunja na kuiweka chini ya mto mpaka ikasahaulika. Alichokitaka kilikuwa kimoja, na alikisema bila haya hata mbele ya wageni wanaokula: siku akifa, azikwe na watu. Watu wengi, wa kukanyagana. Na usidhani ni kiherehere cha uzee, alikuwa na haki yake. Miaka thelathini na minne alikuwa mkunga wa zahanati ya mji mmoja mdogo wa mbali, na katika miaka hiyo hakuna msiba wa mji ule alioukosa. Mvua ikinyesha, yumo. Mgongo ukimuuma, yumo. Alikaa mbele kabisa, na akirudi nyumbani anataja nani alikuja na nani hakuonekana, na yule ambaye hakuonekana ajue ameshaandikwa.

Basi akastaafu, magoti yakamgomea, na binti yake wa pekee akaenda kumchukua na kumleta kwake mjini, safari ya basi ya siku nzima. Kule nyuma wakabaki wote ambao angewataka siku hiyo: mdogo wake wa kike, kaka yake, wakunga wenzake, na watoto aliowapokea, ambao sasa wengine wana ndevu. Huku mjini alijulikana na watu wanne, na mmoja wao alikuwa mwenye nyumba.

Huyo binti watu walimwita Penseli, kwanza kwa wembamba, pili kwa sababu tangu utotoni hakuonekana bila penseli sikioni. Alifundisha kuchora katika shule ya msingi mpaka mwalimu mkuu alipoamua kwamba kuchora si somo, ni mchezo, na kipindi chake kikapewa hesabu. Akajaribu kuchora watu barabarani. Mtu anakaa, anachorwa, anatazama karatasi, anasema pua yake si hiyo, anaondoka. Mwisho akapata kompyuta iliyokwisha tumika, yenye vibonye viwili vilivyong'oka, akafungua duka la mtandaoni. Si duka la mtu kuingia na kikapu. Unachora kitu mara moja, unakiweka pale, na mtu popote alipo anakilipia na kukishusha kwenye simu yake huku wewe umelala. Hivyo ndivyo ilivyoelezwa kwenye zile video za kufundisha watu utajiri. Penseli akalala sana, na hakuna aliyenunua.

Alianza na kurasa za watoto za kupaka rangi. Kisha kalenda, kisha picha za kupamba ukuta, kisha kadi za harusi zenye waridi alizozichora kwa mkono mpaka macho yakamtoka machozi. Kadi za harusi ziligoma kabisa. Bibi harusi ana miezi sita ya kuchagua, na katika miezi sita mtu hakosi shangazi anayejidai anajua kuchora.

Mlango ulifunguka siku mume wa fundi cherehani, jirani wa chumba cha pili, alipofariki. Fundi alikuwa amekaa kitandani hajui kulia wala kushoto, watu wanamuuliza tangazo liko wapi, ratiba ya mazishi iko wapi. Penseli akarudi chumbani kwake, akachukua ile kadi ya harusi, akaondoa waridi, akachora maua meupe yaliyokuwa yakiota nyuma ya bomba la maji pale uani, na kwa saa moja tangazo likawa kwenye simu za watu. Wakaulizana limetoka wapi. Hapo akili ikamfunguka: harusi inapangwa, msiba haupangwi. Mwenye msiba hana muda wa kuchagua.

Akatengeneza kadi tupu za msiba. Maua pembeni, mahali pa jina, tarehe, saa ya mazishi, na katikati duara la picha. Mnunuzi anafuta anachokikuta na kuweka chake. Kwenye duara aliweka kivuli cha kijivu cha kichwa cha mtu, ili wajue picha inakaa wapi. Hazikuuzika. Mtu anayetafuta kadi ya mama yake hataki kutazama kivuli. Penseli akashika tama siku mbili, siku ya tatu macho yakamwangukia mama yake ukutani.

Ilikuwa picha ya siku ya kustaafu. Gauni jeupe la kazi, saa ndogo imebanwa kifuani, mdomo umefungwa lakini macho yanacheka, macho ya mtu aliyewaona watu wote wakiwa uchi na hana neno nao. Penseli alimwomba ruhusa, hilo tumpe haki yake. Alimweleza kwamba ni mfano tu, jina lake halitakuwepo, na kila mnunuzi ataiondoa na kuweka ya marehemu wake. Mama Mkunga akavaa miwani, akajitazama katikati ya maua.

"Weka," akasema. "Niliwapokea wakiingia, wacha niwasindikize wakitoka."

Basi zikauzika, tena kwa fujo. Watu walikuwa wakiandika chini ya kadi kwamba wameona ule uso wakalia kabla hata ya kununua. Mwezi wa pili Penseli aliacha kumkwepa mwenye nyumba kwenye ngazi. Mwezi wa tatu akamnunulia mama yake kiti cha kuegemea, chenye mto wa miguu, kikawekwa karibu na mlango ili aone wapitao. Kwa mara ya kwanza tangu shule imfukuze kistaarabu, mtu akimuuliza anafanya kazi gani alijibu bila kutazama chini: mimi ni mchoraji.

Na kwa kunogewa, akafanya kosa la watu wa biashara hiyo wakianza kushiba. Akatoa kadi moja ya bure, ya kuwaonjesha wateja. Na kwa kuwa hakutaka mtu achokonoe maua yake akayauze kwingine, ile ya bure aliigandisha: picha na maua vikawa kitu kimoja, maandishi peke yake ndiyo yanabadilika. Alidhani mtu akishindwa kubadilisha picha atakuja kununua ile nzima. Hakumfikiria mtu aliyefiwa saa moja iliyopita, mwenye simu iliyopasuka kioo na shemeji anayemharakisha. Mtu huyo anaandika jina, anaandika saa, anarusha. Habari za picha atazikumbuka mwaka kesho.

Wa kwanza alikuwa dereva mstaafu wa lori. Jina lake, umri wake, watoto wake kumi na mmoja, na katikati yuko Mama Mkunga na saa yake kifuani. Mama na binti walicheka mpaka chai ikamwagika. Wiki nzima Penseli alikuwa akiingia ndani anamwamkia dereva.

Wa pili alikuwa mwanamke wa miaka sabini na miwili, mtu wa mbali kabisa, na huyo hakuchekesha. Mama Mkunga naye alikuwa na sabini na miwili, na tangazo lilipomfikia mdogo wake kwenye simu, hakusoma jina. Nani asome jina, na dada yake anamtazama kutoka kwenye maua? Akampigia Penseli, simu haikupatikana, basi ikawa ndiyo imethibitika.

Kesho yake mchana watu kumi na saba walishuka kwenye basi, kilio kikaanzia barabarani. Mama Mkunga alikuwa kwenye kiti chake anachambua maharage. Aliposikia kilio akasimama kwa mazoea, akaanza kutafuta viatu aende msibani.

"Nani tena?" akauliza.

Mdogo wake akaanguka palepale. Kaka yake, mtu wa presha, akakalishwa juu ya ndoo na kupepewa kwa sinia. Walipoelewa kilichotokea, mama mdogo alivua kandambili akampiga nayo dada yake begani, analia na kucheka kwa pamoja, anasema dada unatuua, unatuua. Walilala chini kwenye mikeka, wengine kwa fundi cherehani, na jioni yote Mama Mkunga aliwatazama mmoja mmoja kana kwamba ameletewa zawadi. Walipoondoka aliimba siku mbili. Alimwambia binti yake: kumi na saba, na hiyo ni ghafla, wakipewa muda watajaa mpaka barabarani.

Lakini kabla ya kupanda basi mama mdogo alitoa amri, na wote wakaikubali. Kuanzia leo, tangazo lolote likija, hakuna kulia wala kufunga mzigo. Piga simu, umtake mwenyewe, umsikie kwa masikio yako. Mama Mkunga akaipenda sana amri hiyo. Ikawa simu ikija, wanasema mpe nimsikie mwenyewe, Penseli anampelekea, naye anajibu neno lilelile: "Niko hapa."

Penseli aliondoa picha dukani, kadi zote, na ile ya bure akaifuta. Na biashara ikafa. Wiki ya kwanza hakuna, ya pili hakuna, ya tatu mwenye nyumba akaanza tena kukohoa kwenye ngazi. Alijaribu kuchora uso wa kubuni, ukawa mzuri, haukumliza mtu. Hapa ndipo ninaposhindwa kumtetea. Asubuhi moja, mama yake akiwa anaoga, aliirudisha ile picha kwenye kadi za kuuza, akajiambia kwamba za kuuza wanazibadilisha, tatizo lilikuwa ile ya bure. Hakumwambia mama yake. Kumbe ile ya bure nayo ilikuwa imeshashushwa na watu wasiohesabika, wanairithishana, wengine wameiweka kwenye maduka yao wenyewe, na hakuna wa kumshitakia.

Mama Mkunga akaendelea kufa. Akafa mwalimu, akafa muuza nguo, akafa bibi wa miaka tisini na nane na msichana wa miaka ishirini. Mwanzoni simu zilimjia kumi kwa siku, na alizifurahia, maana hata waliomsahau walipiga. Kisha zikawa tatu. Kisha ikawa mzaha. Kule mjini kwao watu wakikutana sokoni wanaulizana, leo amekufa? Katika kundi la simu la watu wa zahanati, mpwa wake mmoja mwenye utani usiojua kituo aliyarusha matangazo hayo kila yalipotokea, juu yake ameandika "Safari hii ni kweli jamani," na watu wanaweka vikaragosi vya kucheka. Baadaye hata kucheka wakachoka. Tangazo linapita, watu wanaendelea kuzungumzia bei ya saruji.

Siku moja Penseli alirudi na mboga akamkuta mama yake na simu mapajani, ameivua miwani. Hakuna aliyempigia wiki mbili.

"Wamekichoka kifo changu, mwanangu," akasema. "Na bado sijakitumia. Hebu iondoe hiyo picha."

Penseli akajibu kwamba aliiondoa zamani. Alisema hivyo akipanga nyanya, mgongo umeelekea mlangoni. Mchana huohuo, mama yake akiwa amesinzia, alifungua kompyuta akaiondoa kweli, kadi zote, na safari hii akaapa kula sima kavu lakini hairudi. Haikurudi. Ila kuiondoa dukani kwake ilikuwa kazi ya dakika tano, na kuiondoa kwenye simu za watu haiwezekani.

Mama Mkunga aliugua mwezi wa mvua. Kifua, siku nne tu. Siku ya nne walikuwa hospitali, na saa nne asubuhi, nesi kijana akiwa anamtafuta mshipa, alimshika nesi mkono akamwambia taratibu, usitetemeke, mshipa uko hapa. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, ya kazi. Penseli alikuwa dirishani anaminya nguo iliyolowa. Aligeuka akakuta nesi amesimama tu.

Alimpigia mama mdogo, simu haipatikani. Alikuwa ameenda shambani, na kule mawimbi ya simu hayafiki. Akampigia mjomba. Mjomba aliona jina, akakumbuka ndoo na sinia, hakupokea. Hospitali ilitaka mwili uondoke kesho yake, na makaburini wakampa nafasi ya saa tisa. Basi Penseli akarudi chumbani, akakaa mbele ya kompyuta, mbele ya kazi aliyokwisha kuwafanyia maelfu ya watu.

Picha ile hakuweza kuitumia, akili hizo alikuwa nazo. Picha nyingine hakuwa nayo. Mama Mkunga alikuwa mtu wa kukwepa kamera. Akachukua karatasi na penseli, akamchora. Hakuweka maua, hakuweka duara. Alichora saa tatu mfululizo, machozi akiyafutia kiwiko yasidondokee karatasi, na alipomaliza, mama yake alikuwa pale, macho yanacheka. Chini aliandika kwa mkono jina lake kamili, ambalo hata jirani hawakulijua, na saa ya mazishi, na kwamba safari hii ni kweli. Akapiga picha ile karatasi, akairusha kwenye kundi.

Alimchora vizuri mno, na hilo ndilo lililoharibu. Mtu akichora uso kwa kuupenda anauchora anavyoujua, na Penseli ule uso aliujua kutoka ukutani. Kule walikofungua simu waliona macho yaleyale, saa ileile kifuani, na maneno yaleyale ya mpwa.

Fundi cherehani alimnyang'anya simu, akamwambia wewe kaa, simu nitaishika mimi. Alikumbuka watu walivyomjazia maswali pale kitandani siku ya msiba wake. Jioni alikuja kumwambia kwamba ujumbe umesomwa na watu sitini na watatu. Penseli akauliza wamejibu nini. Fundi akasema hawajajibu. Wakaelewana kwamba watu wamepigwa na butwaa, wanafunga mizigo. Nani anaandika barua na mkono uko kwenye mzigo? Kulikuwa na jibu moja, kutoka kwa yule mpwa, lakini fundi hakulielewa, akaona asimsumbue mfiwa. Lilisema: "Hii nzuri kuliko ile ya zamani. Inauzwa?"

Kesho yake fundi aliazima viti thelathini. Penseli mwenyewe alifagia uani, akafunika tope kwa mchanga, akafikiri watalala wapi. Basi la kutoka kule, linaloondoka usiku wa manane, lilikuwa linafika saa nane mchana. Saa saba na nusu fundi alikwenda kusimama barabarani kulipokea. Lilifika, likashusha wanafunzi wawili na gunia la mkaa, likaondoka. Makaburini Penseli aliomba wasubiri kidogo. Wakasubiri saa nzima. Wachimbaji walikuwa na kaburi jingine la saa kumi na moja, walikaa juu ya udongo wakitazama saa zao kwa kuibia, kwa heshima. Mwisho mkubwa wao akamsogelea akamwambia, dada, samahani.

Walimzika watu tisa. Ukiwatoa wachimbaji, watano: binti, fundi, mwenye nyumba, nesi kijana aliyeomba ruhusa kazini, na mama mmoja aliyekuwa amekuja kusafisha kaburi la mumewe, akaona watu wachache, akasogea.

Waliporudi, viti thelathini vilikuwa vimesimama uani vimelowa, maana mvua ilikuwa imepita. Penseli aliingia ndani akakaa kitandani, akitazamana na kile kiti cha kuegemea. Fundi akamrudishia simu, na ikaita palepale mkononi. Alikuwa mama mdogo, amerudi kutoka shambani, anasikika yuko barabarani, anahema, ana furaha zake.

Alianza kucheka kabla ya salamu. Alisema ameiona. Alisema safari hii mmejitahidi, yaani mpaka kuchorwa kwa mkono, angekuwa mjinga angepanda basi. Alisema shambani mahindi yamekubali, amemwekea dada yake gunia, wiki ijayo anampelekea mwenyewe akae naye mwezi mzima, maana amemkumbuka na haya mambo ya simu yamemchosha.

"Hebu mpe simu nimsikie mwenyewe," akasema.

Penseli, kwa mazoea, akainyoosha simu kuelekea kile kiti. Simu ilikuwa inasikika chumba kizima.

"Dada?" akaita mama mdogo, akipaza sauti kama wanavyofanya watu wa mbali. "Dada, acha maringo, sema basi uko hapo."

Akangoja. Akaita mara ya pili, na ya tatu hakumalizia. Fundi cherehani akaichukua simu taratibu kutoka mkononi mwa Penseli, akatoka nayo nje kwenye vile viti, akavuta mlango nyuma yake.